Sura ya Tano: Ukiuza, Niambie Mimi Kwanza

Kadi ya grafiksi ninayoisimulia hapa ni ndogo. Inaizidi kidogo tu rula fupi ya mwanafunzi, ina feni moja nyeusi, na ubavuni ina tundu la waya wa umeme lenye pini sita. Ni GTX 1060 ya Nvidia, ile yenye kumbukumbu ya GB 6. Niliiona mara ya kwanza mwaka 2017 pale Upanga, ikiwa bado ndani ya mfuko wake wa plastiki unaong'aa, na tangu hapo imepita mikononi mwa watu wanne. Haijawahi kukaa kwenye kabati la kioo la duka lolote la hapa mjini, wala dalali hajawahi kuilia cha juu.

Katika kundi letu la gemu hapa Dar es Salaam nimeuza na kununua vifaa vingi: RAM, diski, kibodi, monita, hata kasha tupu. Kadi hii moja ndiyo iliyonifungua macho. Kwa muda mrefu niliamini tunauziana sisi kwa sisi kwa sababu ya unafuu wa bei. Baada ya kuifuata kwa miaka minane naona bei inakuja nyuma. Mtu anayemuuzia rafiki yake kadi anajipatia mwenzake wa kucheza naye Jumamosi, na lile punguzo analotoa ni gharama anayoilipa kwa hiari ili kumpata.

Msomaji ajue kwanza mashine zetu zinatoka wapi. Ni wachache sana kati yetu waliowahi kununua kompyuta mpya ya gemu. Karibu kila mmoja alianza na kompyuta ya ofisini ya mtumba, Dell OptiPlex au HP, iliyotumika miaka kadhaa Ulaya au Ghuba, ikaondolewa pamoja na wenzake mia, ikauzwa kwa jumla, ikaingia Kariakoo. Ni mashine imara. Bodi yake haichoki upesi na prosesa yake ya Intel yenye koa nne bado ina nguvu. Inachokosa ni kadi ya grafiksi, kwa kuwa karani aliyeitumia kuandika barua hakuihitaji. Ukiipachika kadi, mashine ileile ya barua inaendesha GTA V. Ndiyo maana kwetu kadi ndiyo mali hasa. RAM watu hupeana, diski huazimana, lakini kadi huposwa.

Kuposa ni neno letu. Kadi ikiwa bado inafanya kazi kwa mwenyewe, bila hata dalili ya kuuzwa, mtu anamwambia: ukiuza, niambie mimi kwanza. Akishasema hivyo wenzake wakisikia, amewahi, na atakayekuja baadaye anakaa nyuma yake kwenye foleni. Hakuna aliyeiandika sheria hii popote. Nimeona watu wakikataa pesa nzuri ili wasiivunje, na nimeona pia ikivunjwa. Nitafika huko.

Mwenye kadi wa kwanza aliletewa na kaka yake kutoka Marekani. Toleo hilo lilitoka Julai 2016 likianzia dola 249, zaidi ya laki tano kwa shilingi ya wakati ule. Mimi niliiposa mwanzoni mwa 2018, nikasubiri zaidi ya mwaka. Siku aliponipigia kuniambia amepata nyingine, tulikubaliana laki tatu na nusu: laki mbili mkononi, iliyobaki mwisho wa mwezi kwa M-Pesa. Aliifunga kwenye fulana ya zamani, akanipa na tahadhari moja.

"Feni inakwaruza ukiwasha asubuhi, kaka. Ikipata joto inanyamaza."

Nilikuwa najua. Kwa miaka miwili nilikuwa nikiisikia feni ile kupitia maiki yake. Kila Jumamosi usiku, kabla hatujaanza, tulikuwa tunasikia mkwaruzo wa dakika mbili, kisha kimya, na hapo mmoja wetu anasema, haya, mashine ya Upanga imeamka. Nilijua pia kwamba kadi haikuwahi kumwangusha katikati ya mechi, kwa sababu angeanguka ningemwona akiganda mlangoni huku adui wanamfyatulia risasi. Nilijua alipokuwa akihangaika na joto la Februari, na kwamba aliifungua akaipaka pesti mpya kati ya chipu na chuma cha kupoozea, kwa kuwa alituuliza pesti ipi inunuliwe. Daktari wa kadi ile, kama ingekuwa na daktari, asingekuwa na faili nene kuliko langu.

Hapa ndipo biashara yetu inapotofautiana na ya mtaani. Mwaka 1970 mchumi wa Marekani George Akerlof alichapisha makala kuhusu soko la magari yaliyotumika. Hoja yake, nikiiweka kwa lugha ya Kariakoo, ni kwamba muuzaji anakijua kifaa na mnunuzi hakijui, kwa hiyo mnunuzi anayeogopa kuuziwa mbuzi kwenye gunia anataja bei ya wastani, bei inayokifaa kifaa chenye kasoro na kukionea kizima. Mwenye kifaa kizima akiisikia bei hiyo anarudi nacho nyumbani. Sokoni vinabaki vibovu kwa wingi, hofu inaongezeka, bei inashuka tena. Kwa kazi hiyo na nyingine zilizoifuata, Akerlof alikuwa mmoja wa watatu waliopata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2001.

Nimeizungumza hoja hiyo na wenzangu mara nyingi, na wote wanaitambua, kwa sababu kila mmoja amewahi kupigwa au anamjua aliyepigwa. Wa kwetu aliyeumia zaidi alinunua mjini kadi aliyoambiwa ni GTX 1050 Ti. Boksi lilikuwa jipya, na Windows yenyewe ikaandika jina hilo na GB 4 za kumbukumbu. Gemu ikifunguliwa, skrini inakuwa nyeusi. Ndani ya kasha lile jipya kulikuwa na kadi ya kizazi cha GTX 550 Ti, mali ya mwaka 2011, iliyoandikiwa upya programu yake ya ndani ili itaje jina la mdogo wake. Uongo huo ulienea duniani kiasi kwamba mwaka 2018 GPU-Z, programu ya bure ya kukagua kadi, iliongezewa uwezo wa kuzitambua na kuandika wazi kuwa ni za kughushi. Na hata bila programu yoyote, nyuma ya kadi ile kulikuwa na tundu la bluu la VGA. Chipu za kizazi cha 1050 Ti zilishaacha kutoa picha kwa njia hiyo ya kizamani. Tulimweleza hayo akiwa ameshalipa. Aliyemuuzia alisema hela ameshaila.

Kuna mtego mwingine usio na uongo ndani yake, nao unawanasa wengi zaidi. GTX 1060 ziko mbili. Ile ya GB 3, iliyofuata Agosti 2016, haikupunguziwa kumbukumbu peke yake. Chipu yake ina koa 1,152, wakati ya GB 6 ina 1,280. Jina ni moja, kadi ni mbili tofauti, na mtu anayeuza haraka hutaja jina akaishia hapo. Kati ya marafiki swali hili huulizwa kwanza, na anayejibu anajua kwamba usiku uleule ataulizwa picha ya GPU-Z.

Nisieleweke kwamba urafiki unatosha. Mimi sinunui kadi hata kwa ndugu yangu wa damu bila kuiona ikifanya kazi nusu saa nzima. Dakika tano hazisemi kitu, kwani kadi nyingi mbovu huwaka vizuri zikiwa za baridi. Nakaa, naendesha gemu nzito, naangalia joto likipanda. Kadi kama hii yetu imewekewa nyuzi 83 kuwa kiwango chake cha kujizuia. Ikikaa hapo muda wote huku kasi inashuka, ama vumbi limejaa ama pesti imekauka, na yote mawili yanatibika kwa brashi, spiriti na elfu chache. Madoa na michirizi ya rangi kwenye picha hayatibiki kirahisi, hapo naaga. Naangalia pia vichwa vya skrubu. Skrubu zilizochubuka zinasema kadi imefunguliwa, na ninataka kusikia ilifunguliwa na nani na kwa nini. Kwa sisi tunaoishi karibu na bahari, namulika tochi kwenye miguu ya kadi na matundu yake kutafuta ukungu wa kijani, ambao ni chumvi na unyevu wakila shaba.

Diski ni rahisi kuliko zote kwa sababu inajiandikia umri wake. Ukifungua CrystalDiskInfo unasoma imewashwa saa ngapi tangu kuzaliwa na ina sehemu ngapi mbovu. Prosesa nazo hufa mara chache sana. Kinachouawa ni pini, na mahali pa kuzikagua hutegemea kampuni: kwa Intel ziko kwenye bodi, kwa AMD za soketi ya AM4 ziko chini ya prosesa yenyewe. Nimemwona mtu mzima akizinyoosha pini za Ryzen kwa sindano ya kushonea huku mikono inamtetemeka, saa moja na nusu, na ikawaka.

Sasa niseme lile la mwaka 2021.

Mwaka ule kadi ziligeuka dhahabu. Viwanda vilikuwa nyuma ya mahitaji, watu katika nchi nyingi walikuwa wamefungiwa majumbani, na wachimbaji wa sarafu ya Ethereum walikuwa wakizikusanya kadi kwa mamia, maana hesabu za kuchimba sarafu hiyo zilifanyika vizuri sana kwenye chipu za grafiksi. Februari 2021 Nvidia ilitoa RTX 3060 kwa dola 329 ikiwa na kizuizi cha kupunguza kasi ya uchimbaji, ili kadi ziwafikie wachezaji. Mwezi uliofuata kampuni yenyewe, kwa makosa, ikatoa draiva ya majaribio iliyoondoa kizuizi hicho. Wimbi likafika hadi kwetu. Uchimbaji ulikuwa umeshazidi uwezo wa kadi za GB 3 na hata za GB 4, kwa hiyo GB 6 zilizokuwa zimechakaa zikapanda thamani kuliko siku ziliponunuliwa. Dalali mmoja alinitajia kwa kadi yangu bei inayozidi ile niliyoinunulia, na nilikuwa nimeitumia karibu miaka miwili.

Mwenzetu mmoja wa Kigamboni alikuwa na kadi bora kuliko yangu, nayo ilikuwa imeposwa na wawili. Akaiuza nje, kimya, kwa siku moja. Tuliambiana Jumamosi alipokosekana.

Counter-Strike huchezwa watano kwa watano. Tulikuwa watano kamili. Tulipobaki wanne, kompyuta ilituletea mtu wa tano tusiyemjua, wa nchi nyingine, anayesema lugha nyingine, na ule mpangilio wa kugawana kona za ramani tulioujenga kwa miaka ukavunjika kwa sababu hakuna wa kumwambia shika mlango wa nyuma kama kawaida. Wiki ya tatu mmoja hakuja. Kufikia Juni hatukuwa tunacheza tena.

Baadaye ndipo tulipojua kwamba mama yake alikuwa amelazwa. Simlaumu, na wala sijawahi kumlaumu tangu nijue. Kadi ni kipande cha bati na shaba, mama ni mama. Lakini nilijilaumu na kuwalaumu wenzangu. Wale wawili walioiposa kadi yake walikuwa na maneno, hawakuwa na pesa. Mmoja alikuwa ameposa tangu 2019 bila kuweka akiba hata ya elfu hamsini. Angekuja kwetu na shida yake tungempa pole na ahadi za mwisho wa mwezi, na hospitali haisubiri mwisho wa mwezi. Anayetaka mwenzake amkumbuke kwanza akiuza lazima awe mtu wa kwanza kufika na fedha. Tangu hapo tuna kibubu cha pamoja. Kila mwezi kila mmoja anatuma kidogo kwa mtunza hazina wetu, na kadi ikitaka kutoka kwa haraka, kibubu kinalipa leo na mnunuzi anakirudishia polepole.

Septemba 15, 2022 Ethereum ilibadili mfumo wake, na uchimbaji wake kwa kadi za grafiksi ukakoma siku hiyohiyo. Kadi za wachimbaji zikamwagika sokoni na bei zikalala. Watu waliniuliza sana kama kadi iliyochimba inafaa kununuliwa. Jibu langu ni kwamba chipu huwa haina tatizo, kwa sababu mchimbaji mwenye akili aliipunguzia umeme ili faida yake isiliwe na bili. Feni ndizo zilizozunguka mchana na usiku, pamoja na vile vipande laini vya kupitisha joto juu ya kumbukumbu. Mnunuzi ahesabu feni mpya ndani ya bei, kisha anunue kwa amani.

Kilichoturudisha sisi mezani ni gemu yenyewe. Septemba 27, 2023 Counter-Strike 2 iliichukua nafasi ya ile iliyotangulia, iliyokuwa ikikubali karibu kila mashine tangu 2012. Mpya ni nzito. Wote waliokuwa wakicheza kwenye OptiPlex bila kadi, kwa grafiksi iliyo ndani ya prosesa, waliamka wakakuta mchezo waliouzoea unakwenda kama picha za mnato. Simu zikaanza kulia.

Wiki ile niliona kitu ambacho bado kinanifurahisha nikikikumbuka. Mwenzetu wa Mbezi, mwenye kipato kizuri kuliko sisi wote, alipokea RTX 4070 aliyoagiza. Hiyo ikaifungua RTX 3060 yake, niliyokuwa nimeiposa. Hiyo ikaifungua 1060 yangu. Kadi moja mpya iliyoingia juu iliwasogeza watu watatu ngazi moja kila mmoja, ndani ya siku nne, kwa bodaboda mbili na daladala moja. Hakuna aliyelipa bei ya duka isipokuwa yule wa juu, naye alilipa akijua kwamba fedha ya kwangu ingemrudishia sehemu. Ngazi hii ina utaratibu wake mgumu: hakuna anayeweza kushusha kadi kabla hajapokea ya juu, kwa hiyo mtu mmoja akichelewa, wote walio chini yake wanangoja. Kadi yangu ilikuwa imeposwa na kijana wa Tabata, mwaka wa kwanza chuoni, ambaye tulimwita dogo na bado tunamwita hivyo.

Nilikwenda kwao mwenyewe. Mama yake anauza vitenge, na nusu ya fedha ilikuwa yake, kwa hiyo aliketi nasi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Karibu. Haya, hicho kidude ndicho chenyewe?"

Alikipokea, akakigeuza, akakipima uzito mkononi kama anayepima kitambaa. Kisha akaniuliza swali ambalo mwanawe, kwa adabu na shauku, hakuwa ameniuliza katika miezi yote ya kuposa.

"Kwa nini unauza?"

Hilo ndilo swali la kwanza la biashara ya mtumba, na nimejifunza kwake kuliuliza kila ninaponunua. Nilimjibu kwamba nimepata yenye nguvu zaidi, na kwamba feni ya hii inakwaruza ikiwa ya baridi na ipo siku itasimama. Mama akaniangalia.

"Itasimama lini?"

"Siwezi kujua, mama. Inaweza kuwa mwaka, inaweza kuwa mwezi."

"Sasa ikisimama mwezi ujao, namfuata nani? Huyu mtoto atasema kaka yangu, nitamwonea aibu. Mimi sina aibu kwenye pesa."

Tukaipanga bei upya. Ile ya laki mbili na nusu niliyokuwa nimetaja ikawa laki mbili. Moja nikapokea pale pale, moja ikawa mali kauli hadi mkopo wa chuo utoke. Feni ikifa ndani ya miezi mitatu, naileta mpya kwa gharama yangu. Mama akamwambia mwanawe ayaandike yote kwenye simu na anitumie mbele yake, naye akasoma ujumbe kabla haujatumwa. Kabla ya siku ile niliona haya kuandikiana na rafiki. Sasa sikubali kuuza bila ujumbe wa namna ile, wenye bei, tarehe na kasoro iliyotajwa, kwa sababu nimeona marafiki wawili wema wakigombana kwa kuwa kila mmoja alikumbuka tarehe yake.

Kadi ilikaa wiki tatu pale Tabata bila kuwaka, na hapa naomba msomaji anayetaka kufanya kama dogo anisikilize vizuri. Mashine yake ni OptiPlex 9020, ya mwaka 2013. Pawa saplai iliyokuja nayo ina wati 290 na haina waya wa pini sita kwa ajili ya kadi. Pawa saplai ya kawaida ya dukani haiingii moja kwa moja kwenye bodi ile, kwani Dell waliweka tundu lao la pini 8 mahali ambapo dunia nzima hutumia pini 24. Kuna waya wa kubadilisha, wa bei ndogo, lakini unaagizwa, na tuliungoja. Katika kungoja, dogo alishauriwa na fundi wa mtaani atumie kigeuzi cha kuchukua umeme kutoka kwenye waya wa diski, wa SATA, kupeleka kwenye pini sita. Alinipigia saa nne usiku ameshakishika mkononi. Nilimwomba akiweke chini.

Hesabu yake ni hii. GTX 1060 inakula hadi wati 120. Tundu la bodi linaloibeba linaruhusiwa kuipa wati 75, na pini sita 75 nyingine. Waya wa SATA umetengenezwa kwa amperi 4.5 kwenye volti 12, yaani wati 54. Unamwomba abebe mzigo unaoweza kufika 75. Siku ya kwanza atabeba. Plastiki itaanza kuwa laini bila wewe kuona, na ipo siku chumba kitanuka. Nimeona kigeuzi cha namna hiyo kilichoyeyuka kikagandana na waya wake. Kuuziana kadi bila kuulizana itakula umeme wa nani ni kumwachia mwenzako moto, na kosa lile lilikuwa langu pia, kwa sababu nilijua mashine yake ni 9020 na sikuuliza. Nilichangia nusu ya pawa saplai.

Feni ilikufa mwezi wa tano tangu nimuuzie, miezi miwili nje ya ahadi yangu. Tuligawana bei ya mpya na dogo mwenyewe, na mama hakuambiwa.

Oktoba 2025 mambo mawili yalifika pamoja. Tarehe 14 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10, na Windows 11 kwa utaratibu wake rasmi haiikubali prosesa ya kizazi cha nne iliyo ndani ya OptiPlex ya dogo. Mwezi huohuo Nvidia ilifunga ukurasa wa draiva za gemu kwa kizazi kizima cha GTX 1060, ikabakiza marekebisho ya usalama tu hadi Oktoba 2028. Kompyuta nyingi za ofisini zenye umri huo zinatolewa sasa kwa sababu hiyo ya kwanza, na zitazidi kufika kwetu kwa bei ya kutupa. Tayari baadhi ya gemu mpya, kama ile ya Indiana Jones iliyotoka Desemba 2024, hazifunguki kabisa kwenye kadi isiyo na vifaa vya kufuatilia miale ya mwanga, na hii yetu haina.

Dogo, ambaye sasa anamaliza chuo na anapata kazi ndogondogo za kuhariri video, alipata kadi nyingine Desemba. Ya kwake ilikuwa imeposwa na mtoto wa jirani, kidato cha nne, aliyemaliza mtihani wiki chache nyuma. Akaniomba nimsindikize. Nilikaa pembeni, sikusema kitu.

Alimwekea kadi mezani akamweleza yote. Kwamba ilizaliwa 2016. Kwamba imekuwa Upanga, kisha kwangu Sinza, kisha hapa. Kwamba feni ni ya pili, pesti ni ya tatu, na mkwaruzo kwenye bati la nyuma niliufanya mimi kwa bisibisi. Gemu gani haitafungua kamwe, na zipi itaendesha bila shida. Kwamba waya wa SATA asiuguse. Bei, elfu tisini, pamoja na ule waya wa kubadilisha pini.

Mtoto alikuwa na elfu sitini kwenye bahasha. Thelathini zikatoka kwenye kibubu.

Tuliifunga jioni ileile kwenye OptiPlex yake, ikawaka mara ya kwanza, na feni haikukwaruza. Jumamosi tulikuwa sita. Gemu inataka watano, kwa hiyo tulipiga kura, na mechi ya kwanza niliitazama nikiwa nje.